Amana ya Mwili na Idadi ya Mikono

Upasuaji wa kurekebisha, yaani ule unaokusudia kuurudishia mwili umbo au kazi iliyopotea kwa ajali, maradhi au matibabu yenyewe, umeanza kutumia roboti mahali ambapo mkono wa binadamu hufika kwa shida. Katika mji wa Maastricht, Uholanzi, madaktari waliitumia roboti iitwayo MUSA kwa wanawake waliovimba mikono baada ya kutibiwa saratani ya matiti, wakiunga mishipa ya limfu, inayopitisha majimaji ya mwilini, na vishipa vya damu vyenye upana usiofikia milimita moja. Roboti hiyo huchuja mtetemo wa mkono wa daktari, lakini haikuharakisha kazi: matokeo ya wagonjwa 20, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kuwa upasuaji wa roboti ulichukua wastani wa dakika 115, na ule wa mikono pekee dakika 81.

Hapo huzuka swali la ufanisi, na jibu jepesi ni kwamba mashine ikiongeza dakika, basi na ipunguze watu. Jibu hilo limepotoka tangu mwanzo, kwa kuwa mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi amekabidhi mwili wake kama amana, na amana, kwa maadili ya Kiislamu na kwa desturi za Waswahili kwa jumla, haisemwi kuwa imetunzwa kwa sababu tu imerudishwa upesi. Aliyelala hawezi kuuliza wala kulalamika. Wa kumsemea ni yule aliye karibu naye. Kwa roboti za upasuaji za aina ya da Vinci, daktari mpasuaji huketi kando, macho yake yakiwa yameelekezwa kwenye picha ya ndani ya mwili, na hivyo msaidizi anayesimama karibu na kitanda na kubadilisha vifaa ndiye anayebaki na mgonjwa mzima mbele yake. Kumwondoa huyo, au kumtwika kazi za wawili, ni kupunguza macho na dhamiri pamoja na mikono.

Hata hivyo wingi peke yake haulindi kitu, maana watu wasiojuana hutegeana, kila mmoja akidhani mwenzake ameona. Orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa katika hospitali 8, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, inataka kila aliyemo chumbani ataje jina na wajibu wake kabla ngozi haijachanwa; katika matokeo ya mwaka 2009, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sharti hilo ni moja tu kati ya vipengele 19, lakini ndilo lenye uzito wa kimaadili kuliko yote, kwani muuguzi aliyekwisha kujitaja mbele ya wenzake hupata ujasiri wa kumwambia bingwa asimame, naye bingwa aliyeketi mbali na kitanda, katika chumba kilichopunguzwa watu hadi sauti hiyo ikakosekana, anabaki na amana ya mwenzake bila shahidi.