Je, Mchezo wa Vita Wafaa kwa Kijana Mkristo?



Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya Kipaimara, niliwakuta vijana wanne wa darasa langu wameinama nyuma ya kanisa, hapa kwetu Kalehe, vichwa vimekaribiana kama kuku wanaodonoa mtama. Walikuwa wakitazama telefoni, na mlio wa bunduki ulikuwa ukitoka ndani yake. Nikaichukua kwa hasira, nikataka kuwafokea. Kisha nikakumbuka kwamba asiyelijua jambo hana haki ya kulihukumu. Nikamwambia mwenye telefoni: "Haya, nifundishe." Nikacheza. Hata dakika moja haikutimia, askari wangu akapigwa risasi akaanguka. Vijana wakacheka sana. Yule mwenye telefoni akanifariji: "Usiogope, Mwalimu, sasa hivi anafufuka."

Neno hilo lilinichoma. Asubuhi ileile nilikuwa nimewafundisha habari za Ufufuko wa Bwana wetu. Tangu siku ile nimejiuliza: je, mchezo huu ni dhambi? Au ni upuzi tu? Au una wema ndani yake? Leo napenda tulipime jambo hili pamoja, bila haraka na bila ukali.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Waitwa Metal Slug. Ulitengenezwa Japani, ukatolewa na kampuni ya SNK mwaka 1996 kwa mashine zile za kutumbukiza sarafu. Baadaye ukaingia hata katika telefoni. Ni mchezo wa namna ya zamani. Askari aonekana kwa upande, kama picha iliyochorwa ukutani, naye hukimbia toka kushoto kwenda kulia, huku misitu na miji iliyobomolewa ikipita nyuma yake. Humpiga risasi kila adui ajaye mbele. Yeye naye akipatwa na risasi moja tu, amekufa. Lakini ana maisha mengine ya akiba. Nayo yakiisha, katika zile mashine za zamani mchezaji aliongeza sarafu, akaendelea.

Tusiwe wadhalimu, tuutaje wema wake. Picha zake zilichorwa kwa uvumilivu mkubwa, kidoti kwa kidoti, na kazi iliyofanywa vizuri yastahili kusifiwa. Tena mchezo wafundisha kuwa macho na kutokata tamaa: kijana aliyeshindwa mahali pamoja hujaribu mara 20 mpaka apite. Wawili waweza kucheza pamoja, mmoja akimlinda mwenzake. Tena njiani wamo wafungwa wenye ndevu ndefu, waliofungwa kamba. Ukimfungua mmoja, hukupa zawadi, hukupigia saluti, kisha hukimbia akiwa huru. Mkristo hawezi kudharau mchezo unaomfurahisha mtoto kwa kumfungua mfungwa.

Lakini je, Kanisa lasemaje juu ya michezo? Mtakatifu Tomasi wa Akwino auliza, katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, kama fadhila yaweza kupatikana katika kucheza. Ajibu kwamba yaweza, kwa maana roho huchoka kama mwili uchokavyo, nayo yahitaji pumziko lake. Akumbusha habari ya kale ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika walipomwona akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwomba mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mishale, kisha akamwuliza kama angeweza kupiga bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu isiyolegezwa kamwe.

Hata hivyo Mtakatifu Tomasi atoa masharti matatu. La kwanza, furaha isitafutwe katika jambo la aibu au la kudhuru. La pili, mtu asipoteze kabisa utulivu wa roho yake. La tatu, mchezo upatane na mtu, na wakati, na mahali. Tuupime mchezo wetu kwa mizani hiyo.

Kwa sharti la kwanza, yatupasa kusema kweli: anayepiga picha katika telefoni hamwui mtu. Hata bao ni vita vya kete, na hakuna aliyeungama kwa padri kwamba amekula kete za jirani. Wengine husema michezo hii ndiyo inayowafanya watoto kuwa wauaji. Mimi siwezi kusema hivyo. Vita vilipoingia Kivu mwaka 1996, mwaka uleule mchezo huu ulipotolewa, wavulana wengi walipewa bunduki wakaitwa kadogo. Hawakuipeleka michezo ya mashine msituni. Watu wazima ndio waliowapeleka. Tusiisingizie telefoni dhambi ya watu wazima.

Lakini kuna jambo lililonisumbua nilipotazama vizuri. Katika mchezo huu maadui hawasimami tu wakingoja. Mara nyingine huwakuta wameketi motoni, wakizungumza na kucheka. Wakikuona, hupiga kelele kwa hofu. Basi mchoraji mwenyewe ametuonyesha kwamba hawa ni watu. Kisha atuambia: wapige, ucheke. Na wale wafungwa je? Mwishoni huhesabiwa, wakawa alama za ushindi. Baba Mtakatifu Benedikto wa XVI, katika ujumbe wake wa mwaka 2007 kwa Siku ya Upashanaji Habari Duniani, aliitaja waziwazi michezo ya video pamoja na filamu za katuni, akalaumu kuutukuza ukatili kwa jina la burudani. Onyo hilo halisemi kwamba kila mchezaji ni mwovu. Latuonya juu ya mazoea: macho yaliyozoea kucheka mtu anapoanguka huchelewa kulia anapoanguka kweli.

Sharti la pili, kila mzazi aweza kulipima nyumbani mwake. Mtoto aliyecheza nusu saa, akarudisha telefoni, akaenda kuteka maji akiimba, huyo amelegeza upinde. Mtoto anayemtukana mama yake kwa kuwa ameitwa, anayeiba pesa za sabuni ili akalipie chaji, huyo si mchezaji tena. Yeye ndiye anayechezwa.

Tufike kwenye sharti la tatu: mtu, wakati na mahali. Hapa ndugu zangu, sitaki kuficha kitu. Siku ile niliposema vijana walikuwa wanne, sikumtaja wa tano. Alikuwa ameketi mbali, juu ya jiwe, amewageuzia mgongo. Baba yake aliuawa kwa risasi. Nilipomwendea nikamwuliza kwa nini hachezi na wenzake, akasema: "Mwalimu, mimi sipendi ile sauti." Hakuongeza neno.

Mahali petu ni Kalehe. Mjini Bukavu Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Mapema mwaka 2025 vita vilipita tena katika barabara yetu ya kando ya ziwa, toka Minova mpaka Bukavu. Labda katika nchi ambayo bunduki huonekana katika picha tu, mchezo huu ni mzaha mwepesi. Kwetu sivyo. Jambo lililo halali laweza kukosa upendo kwa sababu ya nani ameketi karibu. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto hivyohivyo juu ya nyama: hakuna ubaya kula, lakini kula kwako kukimkwaza ndugu, acha.

Sasa nirudi kwenye lile neno: "anafufuka." Jumamosi iliyofuata niliwauliza vijana: askari wenu akirudi, anarudije? Wakajibu: mzima, bila jeraha. Nikauliza: anarudi kufanya nini? Wakacheka kidogo, wakajibu: kupiga risasi tena. Nikawaambia: Bwana wetu alifufuka akiwa na makovu mikononi na ubavuni, akamwonyesha Tomaso. Hakurudi kuwatafuta Pilato na askari waliompiga misumari ili alipize. Alirudi akawapa amani wale waliomkimbia. Basi huyo wa kwenye telefoni hafufuki. Anarudia tu. Kufufuka ni kuja na uhai ambao hauhitaji tena kuua.

Basi, nahukumu nini? Kucheza mchezo huu si dhambi kwa wenyewe. Una ufundi, una furaha, una urafiki. Lakini haufai kwa watoto wadogo ambao bado hawajui kutenga picha na jambo la kweli. Haufai usiku kucha. Wala haufai pale alipo mtu ambaye mlio wa bunduki humfungulia kidonda. Wazazi, msinyang'anye tu telefoni. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulitukumbusha kwamba ni wajibu wenu kuangalia kinachoingia nyumbani. Nanyi mtaangaliaje msichokijua? Ketini na mtoto. Mwulizeni: huyu aliyeanguka, nani angemlilia?

Jumamosi ile, baada ya mafundisho, mwenye telefoni alinijia peke yake. Akasema: "Mwalimu, nimezima sauti. Inatosha?" Nikamjibu kwamba ni mwanzo mzuri. Akafikiri kidogo, akaitia telefoni mfukoni, akaenda kuketi kwenye lile jiwe. Walizungumza nini, sijui, sikuwafuata. Niliwaona tu wakishuka pamoja kuelekea ziwani, na yule wa tano ndiye aliyetangulia.