Elimu ya Tiba: Kwenda Ng'ambo au Kuomba Tena Nyumbani?



 Limetufikia suali ambalo twajua haliko katika nyumba moja tu ya mji huu. Kijana amepasi vizuri mtihani wa kidato cha nne, masomo ya sayansi yote ameyapata, wala hataki kazi nyengine illa udaktari. Lakini wautakao udaktari ni wengi na nafasi ni chache, akapangiwa masomo mengine asiyoyataka. Sasa amekuja wakala na makaratasi ya chuo cha ng'ambo, naye ataka malipo ya kwanza kabla ya mwezi kwisha. Baba ataka kuuza nyumba iliyoachwa na marehemu babake ili kijana asafiri. Mama asema angoje mwaka, aombe tena hapa hapa. Na kila mmoja ana dalili yake ya dini.

Dalili ya baba ni ile kauli mashuhuri ya kutafuta elimu hata Uchina. Kauli hii imeandikwa katika kuta za madrasa zetu na kusomwa katika kila hafla, lakini wanavyuoni wa hadithi hawakuithibitisha kwa Mtume (s.a.w.), Ibn al-Jawzi aliitia katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Fadhila ya kutafuta elimu imethibiti kwa dalili nyengine zilizo sahihi, basi hatuna haja ya kumzulia Mtume neno ili tupate kuuza nyumba.

Safari yenyewe si ibada. Imamu wetu Shafi alizaliwa Gaza, akalelewa Makka, akaenda Madina kusoma kwa Imamu Malik, akafika Iraq, na mwisho akafia Misri mwaka 204 wa Hijra. Imamu Malik, ambaye ni mwalimu wake, hakuiacha Madina kwa kutafuta elimu. Elimu aliikuta mlangoni kwake. Nani atakayesema kuwa mmoja wao alikosea? Kila mmoja aliifuata elimu pale ilipokuwa.

Na elimu ya tiba ni faradhi ya kutosheleza. Wakiipata watu wa kutosha, wengine wameokoka. Wasipopatikana, dhambi ni yetu sote. Imamu Ghazali, katika Ihya, aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi hali ya kuwa miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu. Laiti angeuona mwambao wetu! Kwa hivyo kijana huyu asivunjwe moyo hata kidogo. Atakalo ni jema. Tunaloulizana ni njia ya kulifikia.

Basi tuianze ile nyumba, kwani hapo ndipo penye hatari. Marehemu hakuacha mke wala wazazi. Ameacha mwana mmoja mwanamume na binti wawili. Nyumba ni mafungu manne: mawili ya mwanamume, na kila binti ana fungu lake. Maana yake nusu ya nyumba ni ya shangazi wa kijana. Nasi twajua mambo haya yaendavyo mitaani kwetu. Kaka huwaita dada zake, akawawekea makaratasi, nao kwa haya husema, "Kaka, wewe ndiye baba yetu," wakatia saini. Kunyamaza kwa haya si kuridhika. Kila mmoja yapasa aulizwe peke yake, kaka yao asiwepo, aambiwe thamani ya fungu lake kwa shilingi, na aambiwe wazi kuwa akikataa hatakasirikiwa. Akipenda kutoa, ni sadaka yake na Mungu amlipe. Akikopesha, deni liandikwe na lishuhudiwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni hiyo ya kuandika deni, nasi twaisoma kila Ramadhani tukaipita. Wala asidhani mtu kuwa akiiacha nyumba akaenda kukopa kwa riba atakuwa ameepuka dhuluma.

Ikiwa mali ni halali na yatosha, hapo ndipo tuutazame usalama wa safari. Vijana wetu wengi wamekwenda Khartoum kusoma, na ni mahali pazuri kwa mtoto wa Kiislamu. Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, vita vikazuka ndani ya mji wenyewe, na wanafunzi wakakimbia. Mwaka mmoja kabla yake, Februari 2022, wanafunzi wa udaktari kutoka Afrika walikuwa wakivuka mipaka ya Ukraine kwa baridi kuelekea Poland na Romania. Na waliosoma China, maradhi ya korona yalipoingia 2020, waliorudi makwao walifungiwa mlango hata Agosti 2022, wakawa wasoma udaktari kwa simu bila ya kumgusa mgonjwa. Hatusemi haya kwa kutisha. Kadari ya Mungu iko hapa na huko. Lakini mwenye kumfunga ngamia wake ndiye mwenye haki ya kutawakali, na kumfunga ni kuuliza.

Aulizwe nani? Si wakala, kwani yeye hulipwa kijana asafiripo, si kijana afaulupo. Liulizwe Baraza la Madaktari la Kenya, tena kabla ya kutoa shilingi moja: je, chuo hiki mwakitambua, na alama za kijana huyu zatosha? Kijana Mkenya aliyesomea nje hurudi akatahiniwa na Baraza kabla ya kuruhusiwa kuanza mwaka wa mazoezi hospitalini. Na aulize pia wagonjwa wa huko husema lugha gani. Daktari hajifunzi kwa kitabu peke yake. Hujifunza kwa kumwuliza mgonjwa wapi pamuumapo, na asiyeweza kuuliza atajifunzaje?

Wala nyumbani si peponi. Masomo ni miaka 6, kisha mwaka wa mazoezi, na mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na miongoni mwa sababu ni vijana waliokwisha kusoma wakangojeshwa kupelekwa mazoezini. Pamoja na hayo, rai yetu ni kuwa kijana mwenye alama za kutosha aombe tena nyumbani walau mara moja kabla ya kuuzwa kitu chochote. Kinachowazuia wengi si hesabu, ni aibu: jirani atasema nini, mtoto wa fulani kesha panda ndege. Mwaka wa kungoja si fedheha, maadamu hautumiwi barazani. Asomeshe hisabati madrasani, ajitolee zahanati, adurusu.

Na ikiwa anayetaka udaktari ni binti, twasikia neno jengine kabisa: ng'ambo hapelekwi kwa kuwa hana maharimu, na nyumbani haombewi tena kwa kuwa wakati wa kuolewa umefika. La kwanza lina mazungumzo katika fikihi. La pili halina asili. Wanaume hao hao, mke akishikwa na uchungu, huuliza mlangoni mwa hospitali kama yuko daktari mwanamke. Atatoka wapi?

Limebaki jambo moja. Wako wazazi ambao, suali likiwazidi, huenda kwa mpiga ramli kumtazamia mtoto nyota. Hilo ni haramu. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha sahaba zake istikhara kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani: rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua. Huisali mwenye haja mwenyewe, wala hakodishiwi mtu. Wala haina sharti la ndoto. Aliyeota na asiyeota ni mamoja: baada ya kuuliza na kushauriana, kijana ashike lile aliloelekea, na likizuilika asilipande kwa nguvu.