Picha Yake ni ya Nani?

Sisi tufundishao Kiswahili twaijua taabu ya maneno "picha yake". Yaweza kuwa picha aliyoipiga mtu huyo, au aliyoihifadhi sandukuni mwake, au yenye sura yake. Kwa kawaida muktadha hutuokoa na somo likaendelea. Lakini mjini Kigali pana mahali ambapo maana hizo tatu zashindana, na ushindani wenyewe si wa sarufi.

Katika makumbusho ya Gisozi, yaliyofunguliwa mwezi wa Aprili 2004, zimetundikwa picha nyingi kwenye nyaya, safu kwa safu: maarusi, watoto, vijana waliojipamba wakapigwa picha. Zimetolewa na jamaa za waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Katika viwanja vya hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000.

Yuko atakayepinga, na hoja yake ni nzito. Bibi arusi yule alimchekea mumewe. Hakuwachekea wageni wa kutoka mbali. Ni nani aliyewapa ruhusa kuigeuza furaha yake kuwa ushahidi wa kifo chake? Tena tukumbuke kwamba sura ziliwahi kutumiwa dhidi ya wenyewe. Vitambulisho vilivyotaja kabila vililetwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, vikaendelea baada ya uhuru; na mwaka 1994, penye vizuizi vya barabarani, kijitabu chenye picha na neno moja kilitosha kumwua mtu. Filamu haikuchagua. Iliipokea nuru ya arusi na nuru ya kitambulisho sawasawa.

Je, aliyeitengeneza filamu ana wajibu wowote? Kampuni ya Fuji ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1934, iliuza visanduku vyake vya kijani duniani kote, na kwa desturi ya biashara kilichouzwa kimeuzwa. Lakini tarehe 11 Machi 2011 bahari ilipoifurikia pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani, picha za familia zilizagaa matopeni. Picha hubebwa na utando wa jelatini. Ukilowa hulainika, na vijidudu huula. Kampuni ikafundisha watu namna ya kuziosha polepole kwa maji na kuzianika kwenye kamba, na wafanyakazi wake wenyewe wakaosha. Biashara ya filamu ilikuwa imekwisha kuporomoka. Hapakuwa na mteja wa kutafutwa hapo. (Kiswahili chetu, kwa bahati njema, huiita kazi ya kuitoa picha katika filamu "kusafisha".) Kisha picha ziliwekwa wazi ili wenyewe waje wazitambue.

Kule Japani picha zilisubiri watu wake. Gisozi watu walizileta picha wenyewe. Kwa hiyo nadhani mpingaji wetu amekosea mahali pamoja. Haki ya kwanza ni ya mwenye sura, naam. Lakini asipoweza kusema, haki hiyo humwangukia yule aliyemjua, ambaye akiiona picha hutaja jina kabla ya kutaja msiba. Huyo aweza kuitundika, na kesho aweza kuitundua. Serikali haina haki hiyo, wala mgeni, wala mwalimu mwenye somo la kufundisha. Sisi twaazimwa kutazama tu.

Limebaki jambo moja linalonisumbua zaidi. Zipo familia zilizozimika kabisa, asibaki hata mmoja wa kuleta picha. Sura za watu hao, kama zimesalia, huenda zimo katika mikanda ya zamani ya mwenye studio fulani, ambaye hakumbuki majina bali akumbuka pazia lililokuwa nyuma yao. Mpiga picha huyo nilikuwa nimemweka mwisho katika zile maana tatu. Kwa watu hawa ndiye jamaa pekee waliyebakiwa naye, na sijui ni kwa sheria gani tungemwambia kwamba mikanda ile ni mali yake, aitupe apendavyo.