Adabu ya Mwenda kwa Miguu

Mnamo mwaka 1716 John Gay, mtunzi Mwingereza ambaye ujanani alifunzwa kazi katika duka la hariri, alipiga chapa utenzi wa vitabu vitatu uitwao Trivia, wenye kumfundisha msomaji namna ya kwenda kwa miguu katika mitaa ya London: viatu vya kuchagua na dalili za mvua katika kitabu cha kwanza, mwendo wa mchana katika cha pili, na wa usiku katika cha tatu. Dhihaka yake imo katika taadhima ya lugha, kwani yale mahadhi ya fahari ambayo Virgil wa Roma aliyatumia kufunza ukulima, yeye ameyatumia kuisifu fimbo na koti lisilopenywa na maji.

Juvenal, aliyeikejeli Roma karne nyingi kabla yake, alimleta mtu anayeuhama mji kwa kuchoshwa na msongamano na vyungu vitupwavyo madirishani. Mwendaji wa Gay hahami. Huambiwa ajihadhari na kijana mwenye mwenge ajitoleaye kumwongoza usiku, kisha akauzima ghafla penye wezi wenziwe, na ajihadhari hata na kapu lipitalo begani mwa mtu, kwani huenda ndani yake mna mtoto wa kumpokonya nywele zake za bandia. Lakini akiisha kuonywa, huambiwa aendelee na safari yake.

Lililonishika zaidi ni fatwa yake juu ya ukuta. Zama zile aliyepita kando ya ukuta alisalimika na matope ya magurudumu na mfereji wa taka, hata wenye kiburi wakigombana kwa ajili ya hatua moja ya mahali pakavu. Gay ahukumu kwamba wapishwe wanawake, na mzee wa mvi, na kiwete, na kipofu, na hamali aliyeinama chini ya mzigo wake. Ama fedhuli ajaye kwa maringo, kofia yake upande, huyo asipishwe, bali asukumwe mferejini.

Katika orodha hiyo mali haikutajwa. Tajiri wa gari la farasi hupita asisikie kilio cha yatima, na mwenda kwa miguu ndiye, asema Gay, ambaye sadaka bado humjia moyoni. Naye aliyesema hayo aliishi kwa fadhila za wenye magari hayo hayo, akafa mwaka 1732 katika nyumba ya mmoja wao.

Nami naona kuwa atakaye kuipima tabia yake asiipime barazani, ambako anajulikana na kila salamu yake huhesabiwa, bali aipime njiani, kati ya watu wasiomjua wala hawatamwona tena. Kwani heshima tumpayo tumjuaye yaweza kuwa biashara, na ile tumpayo hamali tusiyemjua jina, huku tukikanyaga tope kwa ajili yake, ndiyo hiba.