Kwanza Ale

Usiku mmoja msimu wa kusi, Shela ikiwa kimya na hoteli nusu zimefungwa, tulipanda darini na kompyuta ya binamu yangu kutazama The Day of the Jackal, ile filamu ya Fred Zinnemann ya 1973. Muuaji amekodiwa amuue Rais de Gaulle. Anaenda makaburini Uingereza, anatafuta mtoto aliyekufa mdogo, anaomba cheti cha kuzaliwa kwa jina hilo, anapata pasipoti. Kwisha. Binamu yangu akasimamisha filamu. "Ati hivyo tu?" Wiki hiyohiyo alikuwa amerudishwa nyumbani na afisa mmoja wa vitambulisho akalete karatasi za babu yake. Babu ambaye kaburi lake tunaliona tukienda kuogelea.

Tukacheka, tukaendelea. Jina la mtoto likichoka, muuaji anavaa la mwalimu wa Denmark ambaye amemwibia pasipoti. Halati yangu alikuwa anapita na birika la kahawa. De Gaulle hakumshughulisha hata kidogo. Aliuliza: "Na yule mama aliyemkaribisha?"

Kauawa. Na yule bwana wa Paris aliyemlaza kwake? Kauawa pia. De Gaulle anainamisha kichwa, risasi inampita, anaishi. Nilikuwa nimeiona filamu hiyo mara tatu na sikuwahi kuhesabu hivyo: rais alinusurika, wenyeji wake muuaji ndio waliokufa.

Kwetu hadithi hii si ya sinema. Mwaka 2002, Siyu, kisiwani Pate, palikuwa na mwalimu wa madrasa aliyejiita Abdul Karim. Alifundisha watoto, alicheza mpira na vijana, akaoa hapohapo. Jina lake lilikuwa Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro, aliyeshtakiwa Marekani kwa mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 yaliyoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ikalipuliwa, naye akatajwa kuwa mpangaji. Miongoni mwa waliokufa pale walikuwamo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Wenyeji tena.

Sasa, kosa lake kwa watu wa Siyu lilikuwa lipi hasa? Jina? Hapana bana. Hapa Shela kila nahodha wa boti ana jina la pwani ambalo mama yake hakumpa. Mzungu anamjua kwa jina la mwigizaji au la samaki. Lakini litaje hilo jina kwenye kichochoro chochote, mtoto wa miaka sita atakushika mkono akupeleke mpaka mlangoni kwao. Jina kama hilo halimfichi mtu, linampata. La Abdul Karim ungelifuata ungeishia ukutani.

Binamu yangu alibisha. Alisema alifu ni alifu, mtoto aliyejifunza kusoma kwa mwongo amejifunza kweli. Nakubali, na sitaki kumnyang'anya mtoto huyo kitu. Lakini ndoa si alifu. Baba anayemwoza binti yake hamtoi kwa jina, anamtoa kwa mtu ambaye kesho akikosea, kuna wazee wa kuitwa wakae kitako. Ridhaa iliyotolewa bila kujua hilo siwezi kuiita ridhaa, hata kama mume alikuwa mpole na alileta samaki kila jioni. Upole wake ndio unaonitisha zaidi, kwa sababu ndio uliokuwa maficho. Pasipoti bandia ungeweza kuikagua. Salamu ungeikaguaje?

Na bili ikaja kwetu. Sisi wenye majina ya kweli ndio tuliokuwa tukiulizwa babu wa babu alizaliwa wapi, mbele ya dawati, na kijana wa rika letu asiyejua Pate iko upande gani wa bahari. Fazul aliuawa Juni 2011 kwenye kizuizi cha barabarani Mogadishu, akiwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina la Daniel Robinson. Pasipoti! Binamu yangu bado anasubiri kadi.

Wako wanaosema dawa ni kila mgeni aulizwe kwanza. Nawaelewa. Ila mji ukifika huko, muuaji atakuwa ameondoka na kitu kingine ambacho hata hakukijia.

Jana halati alikuwa anapeleka mahamri nyumba ya pili, kwa mpangaji mpya aliyeshuka na boti ya asubuhi. Nikamuuliza anaitwa nani.

"Sijamuuliza," akasema. "Kwanza ale."