Huruma Iulizayo Nasaba

Huruma ni maji, na maji hayaulizi kiu ni ya nani. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa utotoni, wala sijapata sababu ya kulikana fundisho hilo. Kwetu pwani, ambako mbwa hukaa nje ya mlango na huguswa kwa hadhari, hata watoto wa chuoni huijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila mchanga kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Hadithi ile haisemi mbwa yule alikuwa wa mbegu gani. Basi ni ipi hukumu ya watu waundao chama cha kuokoa mbwa wa mbegu moja tu, wakawaachia wengine wote bahati yao? Swali hili halikunijia kitabuni. Lilinijia langoni, nikiwa nimeshika ufunguo.

Nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika jimbo la Florida, Marekani. Jimbo hilo lilikuwa ngome ya mashindano ya greihaundi, mbwa wembamba wa kiuno, wapana wa kifua na warefu wa miguu, ambao mwendo wao hukaribia kilomita 70 kwa saa. Mbwa hufukuza sungura wa bandia aendeshwaye kwa mtambo, na watu huwekeana fedha. Mchezo huu ulivuka bahari kutoka Marekani ukafika Manchester, Uingereza, mwaka 1926, na popote ulipokwenda kamari ilikwenda nao. Novemba 2018 wapiga kura wa Florida, karibu 69 katika kila 100, waliamua kwamba kamari hiyo ikome kabla ya mwaka 2020 kwisha. Mbio za mwisho zilikimbiwa West Palm Beach, mkesha wa mwaka mpya wa 2021.

Katika siku zile nilijitolea kwa chama kimoja kilichowapokea mbwa waliotoka mashindanoni. Kazi yangu ilikuwa kuosha vizimba, kuendesha gari, na kufuatana na bibi mmoja mzoefu kukagua nyumba za waombaji. Tulitazama urefu wa ua, tukauliza kama mwenye nyumba ametoa ruhusa, na kama yumo paka. Mwombaji alitia sahihi ahadi ya kwamba akishindwa kumtunza mbwa atamrudisha kwetu, wala hatamtupa. Kila mbwa alichorwa nambari masikioni: kulia, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, kushoto, nambari ya uzao wake. Niliwasoma kama nisomavyo migongo ya vitabu maktabani.

Jumapili moja bwana mzee alifika langoni na mbwa koko, mnene, mwenye mvi mdomoni. Alisema anahamia nyumba isiyoruhusu wanyama. Mkuu wetu alimjibu kwa adabu, “Bwana, tunasikitika. Hatupokei ila greihaundi.” Mzee alimtazama mbwa wake, kisha akanitazama mimi. “Kwa hiyo angalikuwa mwembamba zaidi,” aliuliza, “mngalimchukua?” Sikuwa na jibu. Nilimpa mbwa maji, nikamtia garini, nikampeleka katika makao ya wilaya yapokeayo wanyama wa kila aina. Lakini swali la mzee lilirudi nami nyumbani.

Nilipotafakari, niliona kwanza kwamba kuuliza nasaba ya mbwa hakukuanza na vyama vya kuokoa. Kulianza na faida. Arabuni, saluki wa kuwinda aliruhusiwa hemani, na mbwa wa kawaida akafukuzwa kwa fimbo. Ulaya na Marekani, greihaundi alizalishwa kwa daftari, baba akichaguliwa na mama akichaguliwa, hata mwili wake ukawa kazi ya mkono wa mwanadamu. Tulimwongezea mbio, tukampunguzia mafuta. Kwa sababu hiyo baridi humtesa, na baadhi ya dawa za usingizi hukawia mno mwilini mwake. Mguu wake huvunjika kwenye kona za uwanja. Saratani ya mifupa humpata kuliko mbwa wengi wengine. Naye, kwa kuwa ameishi kizimbani na uwanjani, huingia nyumba ya watu kama mgeni asiyejua dunia: ngazi humtisha, na kioo cha dirisha hukigonga kwa uso.

Ikiwa mambo ni hayo, chama cha mbegu moja kina haki ya kuwapo. Aliyeuliza nasaba wakati wa faida hana budi kuiuliza wakati wa hasara. Kumpa mbwa huyu makao si sadaka, ni malipo. Na wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Tena mlipaji sharti ajue anacholipa. Mtu mwema asiyejua habari ya zile dawa za usingizi aweza kumwua mbwa huyu kwa wema wake. Huruma isiyo maarifa ni taa isiyo mafuta.

Mama yangu hakuridhika na hoja hii. Nilipomwarifu kwa simu kwamba nimechukua jike mmoja wa miaka minne, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, watoto wa watu wamekwisha huko, hata ukalea mbwa?” Nilimjibu kwa heshima kwamba deni la mmoja halifuti haki ya mwingine. Lakini nakiri kuwa neno lake lilinigusa, maana kujificha nyuma ya deni dogo ili kuepuka deni kubwa ni rahisi sana. Tangu siku ile kila nilipomnunulia mbwa chakula nilikumbuka kutuma kitu nyumbani. Sijui kama hiyo ilikuwa haki au hofu ya mama.

Jaribio la pili lilikuja baada ya viwanja kufungwa. Watu wengi walitaka greihaundi, na waombaji wakazidi mbwa. Tulichokiomba kilikuwa kimetimia. Hata hivyo, katika mkutano wetu nyuso zilikuwa za matanga. Wengine walishauri mbwa watafutwe ng’ambo ya bahari, ambako mashindano yaliendelea. Shauri hilo lilikuwa jema kwa mbwa wa huko, lakini mmoja wetu alilalamika kwa sauti kwamba hakuna tena wa kuokoa. Nami, niliyekuwa nikimcheka moyoni, niligundua kuwa nasikitika vile vile. Mchota maji akihuzunika kwa sababu kiu imekwisha, alikuwa akiwapenda wenye kiu au alikuwa akiupenda mtungi wake?

Hapo nilipata mizani yangu, na namwachia msomaji aipime kwa mikono yake. Huruma iulizayo nasaba ni haki kwa masharti mawili. La kwanza, itamani mwisho wake yenyewe, kama mdaiwa atamanivyo siku ya kufuta jina lake daftarini. La pili, asiye wa nasaba ile akifika langoni asiondoke na kiu; kama hapana nafasi ya kumlaza, ipo ya kumnywesha na kumwonyesha njia. Bila sharti la kwanza huruma huwa biashara ya sifa. Bila la pili huwa ukabila uliovaa kanzu nyeupe.

Jike wangu sasa ni mzee. Hulala mchana kutwa, na miguu yake hukimbia ndotoni. Sijapata kumfungua kamba barabarani, kwa kuwa aonapo kitu kikikimbia hasikii jina lake, na jina lenyewe nalimpa mimi, akiwa tayari na nambari mbili. Kwake yeye nadhani nimelipa kadiri ya uwezo wangu. Lakini yule koko mwenye mvi mdomoni nilimwacha mlangoni pa makao ya wilaya, nikatia sahihi karatasi, nikaenda zangu. Sikurudi hata mara moja kuuliza yaliyompata. Kwangu mbwa yule hakuwa deni, na kwa sababu hakuwa deni nilimsahau upesi. Hilo ndilo jibu nililompa mzee, ijapokuwa sikulitamka.