Pumziko la Nani?

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, haina barabara ndani yake. Mgeni hufika kwa boti kupitia Ziwa Tanganyika na kulala ufukweni, huku mlima Nkungwe ukiinuka mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Hapo mwili uliochoka hupata nafuu, na moyo humsifu Muumba.

Lakini chakula chake kimepikwa na mtu, na mzigo wake umebebwa na mtu. Je, ni halali apumzike kwa kuwachosha wengine?

Wengine husema: mpishi analipwa, tena huenda hashiki Sabato. Hata hivyo, Kumbukumbu la Torati 5:14 inawataja mtumwa, mjakazi na hata mgeni. Nao wapate pumziko lile lile. Mshahara haumwondolei mtu haki hiyo. Basi mgeni na aombe chakula cha Sabato kiandaliwe Ijumaa, atandike kitanda chake mwenyewe, wala asipange safari ya boti siku hiyo.

Jadilini: Nyumbani kwako, ni nani asiyepumzika ili wewe upumzike?